Baiskeli Si Aibu, Wala Mapumziko Si Uvivu

Jumatatu moja asubuhi niliingia katika chumba cha walimu uso wangu umeungua kwa jua, na miguu imekaza kama kamba iliyolowa maji ikakauka. Wenzangu wakauliza ni jambo gani lililonipata. Nikawaambia kwamba Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nilikodi baiskeli karibu na ziwa Naivasha nikaiendesha polepole katika nchi ya Olkaria tangu asubuhi mpaka alasiri. Wakacheka. Wa kwanza akasema, "Mwalimu, mambo yameharibika kiasi gani hata ukarudia baiskeli?" Wa pili akasema, "Siku nzima umeitupa, na madaftari ya kusahihisha je?" Wa tatu, aliyezaliwa si mbali na pale, akasema, "Tena Olkaria! Kuna nini huko isipokuwa mawe na moshi?"

Sikuwajibu siku ile, maana kengele ililia na wanafunzi walikuwa wakingoja. Leo nawajibu. Nawe, mwanafunzi usomaye ukurasa huu, nakuomba uwe mwamuzi, kwa sababu naamini maneno hayo matatu yamekwisha kufika masikioni mwako, na pengine yamekwisha kupata makao moyoni. Mimi nayaita maradhi matatu. La kwanza ni kuona haya kwa kitu chema kwa kuwa bei yake ni ndogo. La pili ni kuogopa mapumziko kama mtu aogopavyo deni. La tatu ni kuidharau nchi kwa kuwa iko karibu.

Nianze na baiskeli yenyewe. Wako watu wasemao kwamba baiskeli ni chombo cha mtu aliyeshindwa: mwenye kufaulu hupanda motokaa, na asiyefaulu hukanyaga pedali. Msomaji wangu, hebu kitazame chombo hicho kabla ya kukidharau. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais, mtu wa mji wa Mannheim, alitengeneza gari la mti lenye magurudumu mawili. Halikuwa na pedali. Mpandaji alikaa juu yake akajisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu. Mwaka 1885 John Kemp Starley, katika mji wa Coventry huko Uingereza, alitoa baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akapata hati ya kumlindia uvumbuzi wa tairi lenye upepo ndani. Basi akili za watu wengi zilifanya kazi kwa miaka zaidi ya 70 ili wewe ukae juu ya kitu chepesi, ujibebe mwenyewe, usihitaji petroli wala majani. Kitu kilichogharimu fikira nyingi namna hiyo hakiwezi kuwa kitu cha wajinga.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya ili tukione kimefanya kazi. Katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, wenye baiskeli waliwachukua wasafiri kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, na kutokana na kazi yao likazaliwa jina la bodaboda. Leo pikipiki zimerithi jina hilo, na wengi wamesahau nani aliyeliacha. Baiskeli nzito nyeusi imebeba maziwa, mikate, kuni, mitungi ya maji, wagonjwa na barua. Ni wazee wangapi waliolipa karo ya watoto wao kwa nguvu ya mnyororo? Huenda yule anayeicheka baiskeli leo alisomeshwa nayo jana. Akiidharau, anamdharau baba yake, naye hana habari.

Kama bado wataka ushahidi wa wakubwa, utazame Uholanzi, nchi tajiri yenye baiskeli nyingi kuliko idadi ya watu wake. Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi ile tangu 2010 hata 2024, alijulikana kwa kwenda kazini kwa baiskeli, na hakuna aliyemwuliza mambo yake yameharibika kiasi gani. Utazame pia Afrika yetu. Mwaka 2024 Biniam Girmay, kijana wa Eritrea, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano ya Tour de France. Akashinda hatua tatu mwaka ule na kuvikwa fulana ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara hili. Sasa niambie, aibu iko wapi? Na wewe msichana, usikubali kuambiwa kwamba chombo hiki si chako. Baiskeli huuliza kama una miguu na mizani. Haiulizi jambo jingine.

Hata hivyo, sharti niwe mkweli. Yuko mtu atakayeniambia, "Mwalimu, wewe wapanda kwa raha kwa sababu una mshahara. Mchukuzi wa maziwa apanda kwa shida, na matembezi yako ni dhihaka kwake." Neno hili lina uzito, na sitalikwepa. Ni kweli kwamba anayesukuma mlimani mzigo wa makaa haioni raha niliyoiona. Lakini kilicho kibaya ni mzigo uliozidi na ujira uliopungua. Baiskeli haina kosa. Kama chombo kimoja chaweza kumlisha mtu siku ya kazi na kumpumzisha siku ya mapumziko, basi haki ni kutaka mchukuzi naye apate siku ya kupumzika. Si haki kutaka mimi niikose yangu.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye ugonjwa wa pili. Watu wetu husema, "Mtembezi hula miguu yake," nao huitumia methali hiyo kumtisha kila atokaye nyumbani bila shughuli. Lakini wahenga haohao wamesema, "Tembea uone." Methali hizi hazigombani. Ya kwanza humwonya azururaye bila macho. Ya pili humtuma aendaye akitazama. Mzururaji hurudi amechoka tu. Mtembezi hurudi amechoka na ana jambo la kusimulia.

Siku hizi mapumziko yamekuwa kitu cha kuombewa msamaha. Najua nyumba ambazo mtoto hutoka shuleni Ijumaa, akaingia katika masomo ya ziada Jumamosi, na likizo ikifika akaandikishwa tena mahali pengine. Jambo hili liliendelea hata Bunge likaona vema kuingilia kati: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku mafunzo ya wakati wa likizo. Fikiri, mwanafunzi, nchi ililazimika kutunga sheria ili watoto wapumzike! Siwalaumu wazazi. Najua ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo, na najua mtihani haumhurumii mtu. Lakini upinde usiolegezwa kamba hupoteza nguvu, na shamba lisilopumzishwa hutoa mabua. Akili nayo ina desturi hiyohiyo.

Tena wako wasemao kwamba wao hupumzika, kumbe hulala tu kitandani na simu usoni mpaka jua likazama. Jioni wakiulizwa wameona nini, hawakumbuki. Hayo siyaiti mapumziko. Kupumzika ni kubadili kazi ya akili na mwili, si kuziua zote mbili. Anayekaa siku sita akiinamia kitabu, siku ya saba na ainue kichwa.

Nitakupa ushahidi juu ya nafsi yangu, ingawa unanifedhehesha. Katika chuo cha ualimu nilifunzwa kwamba mwalimu asifundishe neno bila kitu. Nikalisifu fundisho lile, nikaandika katika daftari, nikalisahau. Kwa muda wa miaka minne nilifundisha habari za Bonde la Ufa na mvuke wa Olkaria kwa kuchora ubaoni: hapa moto wa chini, hapa maji, hapa bomba, hapa mtambo. Siku moja msichana wa kidato cha pili akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, mabomba hayo ya mvuke ukiyagusa yanaunguza?" Sikujua. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho, na darasa likajua kuwa sijui. Ndiyo sababu Jumamosi ile nilikwenda. Madaftari yalingoja hata Jumapili, wala hayakulia.

Sasa yafaa nikueleze nilichokiona, ili nimjibu yule wa tatu aliyesema hakuna kitu isipokuwa mawe na moshi.

Mtu aondokaye Naivasha hufuata barabara ya kusini mwa ziwa, Moi South Lake Road, mpaka aachie njia ya vumbi iendayo lango la Elsa la mbuga ya Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu. Vijana hukodisha baiskeli karibu na pale. Mbuga hii ilitangazwa mwaka 1984, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 68 hivi. Ni moja ya mbuga chache za Kenya ambazo mtu aruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli, bila kufungiwa ndani ya motokaa. Nilichagua baiskeli baada ya kujaribu breki, kengele na upepo wa matairi. Mwenyewe akanipa pampu. Nikaanza kukanyaga.

Ndani ya lango, kuta za majabali mekundu husimama kulia na kushoto kama nyumba za wafalme, nayo njia hupita katikati katika majani. Punda milia walikuwa karibu hata nikawasikia wakikata majani kwa meno. Ngiri na watoto wake walivuka mbele yangu mikia imesimama. Juu ya majabali tumbusi walizunguka bila kupiga bawa. Motokaa moja ikanipita kwa kishindo, vioo vimefungwa, na nyuma yake punda milia wote wakakimbia. Nikapiga hesabu. Safari ya kilomita 8 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni dakika 6. Kwa baiskeli iendayo kilomita 12 kwa saa ni dakika 40. Waliomo motokaani wamepata faida ya dakika 34, wakapoteza punda milia, ngiri, harufu ya leleshwa na sauti ya upepo. Je, hiyo ni faida?

Si mbali na lango pana nguzo ya mwamba, kimo chake kama mita 25, iitwayo mnara wa Fischer. Wanajiolojia hutuambia kwamba ni uji wa moto ulioganda ndani ya koo la volkano. Mlima laini uliouzunguka ukaliwa na mvua na upepo, koo likabaki. Jina limetokana na Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 akazuiwa na Wamaasai asiendelee. Lakini Wamaasai wana hadithi yao. Husimulia kwamba msichana mmoja alikuwa akipelekwa kwa mume, akaonywa asigeuke kutazama nyumbani kwao. Akageuka, naye akawa jiwe. Niliegemeza baiskeli nikaitazama nguzo ile kwa muda mrefu. Nikafikiri kuwa msichana yule aliadhibiwa kwa kuipenda nchi yake hata akataka kuiona mara ya mwisho. Sisi tumeiacha bila kuitazama hata mara ya kwanza, na hakuna anayetuadhibu.

Nikaendelea kuelekea Olkaria. Huko moshi ule aliousema mwenzangu hutoka kwenye visima, lakini si moshi, ni mvuke. Kutafuta mvuke huu kulianza zamani: visima viwili vilichimbwa hapa katika miaka ya 1950. Kituo cha kwanza cha umeme kilianza kazi mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, vikafuata vingine, na mwaka 2014 kikafunguliwa kituo cha Olkaria IV chenye megawati 140. Visima huchimbwa hata kilomita mbili au tatu kwenda chini. Mvuke hutenganishwa na maji, huzungusha mitambo, na maji yaliyobaki hurudishwa ardhini. Leo kiasi kikubwa cha umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, na sehemu kubwa yake ni ya Olkaria. Usione vyaelea, vimeundwa. Taa uliyoisomea jana usiku pengine iliwashwa na mawe haya unayoyadharau.

Mabomba yalikuwa mbele yangu, meupe, yakipanda na kushuka kama nyoka. Nikamwuliza mlinzi mmoja swali la mwanafunzi wangu. Akacheka kwa wema, akaeleza: bomba huvikwa vazi nene la kuzuia joto, kisha hufunikwa kwa bati, ili joto lisipotee njiani, nje halichomi kama watu wadhanivyo, ila kugusa si ruhusa. Nikamwuliza kwa nini mabomba yamepindwa mahali pengi badala ya kunyoka. Akasema kwamba chuma kikipata moto hurefuka, na pasipokuwa na pindo kitapasuka. Na mahali pengine bomba limeinuliwa juu sana ili twiga apite chini yake. Katika dakika tano nilijifunza fizikia ambayo sikuipata katika miaka minne ya ubao.

Lakini, msomaji, si yote yaliyonifurahisha. Mahali penye mitambo, barabara ni pana, malori ni mengi, na mngurumo wa mvuke hufunika sauti za ndege. Wako wasemao mitambo imevamia mbuga. Wako wasemao mbuga yazuia maendeleo. Ukiitazama miaka, utaona kwamba kituo cha kwanza kilitangulia mbuga kwa miaka mitatu, na Wamaasai waliwatangulia wote. Mwaka 2014, kwa ajili ya Olkaria IV, watu wa vijiji vinne walihamishwa wakapelekwa makazi mapya. Baadhi yao walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimetoa mikopo, na baada ya uchunguzi ukafanywa upatanishi juu ya mambo kama ardhi, hati na barabara.

Sikuombi uichukie mitambo. Mimi mwenyewe nasahihisha madaftari kwa mwanga wake. Wala sikuombi uamini kwamba kila kilichofanyika ni halali kwa sababu taa inawaka. Nakuomba uende ukaone. Katika miaka michache wewe utakuwa mpiga kura, na pengine mhandisi, hakimu au diwani. Utaulizwa kisima kipya kichimbwe wapi, mnyama apite wapi, mzee wa kijiji ahamie wapi na alipwe nini. Utajibu kwa kitu gani? Ramani haina vumbi, na karatasi haitoi jasho. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na jicho la mbali haliamui haki. Mtu aliyepita kwa motokaa vioo vimefungwa atasema pale hapana kitu, naye akisema hapana kitu, hapana kitakachohifadhiwa.

Limebaki neno moja la haki kwa wapinzani wangu. Wao husema barabara ni za hatari, na hapo sina ubishi. Barabara ya ziwani hupitwa na malori na mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, wala mwenye baiskeli hakutengewa njia yake. Hatari hiyo si sababu ya kuiacha baiskeli. Ni sababu ya kudai njia. Hata hivyo, tahadhari ni wajibu. Ondoka mapema, vaa kofia ngumu, chukua maji na pampu, nenda na wenzako, umwambie mkubwa wako uendako. Ukimwona nyati, usijaribu ushujaa. Na ukifika korongo la Ol Njorowa, msikilize askari wa mbuga: mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu ndani yake. Mvua huenda ikanyesha mbali, nawe unaona jua. Mahali pazuri si lazima pawe mahali salama.

Jumatatu ile, baada ya kicheko cha wenzangu, niliingia darasani nikamjibu yule msichana. Nikachora bomba na mapindo yake, na vazi lake, na twiga akipita chini. Hakuna aliyesinzia. Kipindi kilipokwisha, wanafunzi watano walinifuata mlangoni kuuliza baiskeli hukodishwa kwa bei gani.

Kama hukai karibu na Olkaria, unayo Olkaria yako: mto, kilima, kiwanda, bandari au msitu ambao umeupita mara elfu bila kuujua. Jumamosi ijayo azima baiskeli, hata kama ni ile nzito nyeusi ya babu. Ukiona haya kupita mbele ya wenzako, kumbuka kwamba haya hupungua mlimani, maana huko pumzi huwa na kazi nyingine. Nenda polepole. Simama uulize. Kisha urudi na swali moja ambalo mwalimu wako hawezi kulijibu, ili naye apate sababu ya kutoka.